Mlango wa Kadi

Palikuwa na fundi wa picha mjini Dar es Salaam, mtu wa makamo, aliyeishi kwa arusi za watu kama mkulima aishivyo kwa mvua. Msimu wa arusi ukiwa mwema alilipa karo na kodi ya nyumba. Ukiwa mbaya alikopa sukari. Mali yake ya maana ilikuwa kamera moja, Canon EOS 5D Mark II, nzito, nyeusi, iliyochubuka pembe, aliyoinunua mwaka 2012 kwa mtu aliyeileta toka Dubai ikiwa imekwisha tumika. Hakuwa na ya pili. Kamera ile ikiumwa, nyumba nzima iliumwa.

Kamera ya namna hiyo ilitangazwa na watengenezaji wake wa Japani katika Septemba 2008, ikasifiwa kwa mambo mawili. Kila picha yake ina pikseli milioni 21 na ushei; na juu ya hayo yaweza kupiga video yenye mistari 1080, jambo ambalo lilikuwa halijaonekana katika kamera za jamii yake. Sifa hizo hazikuwa maneno ya dukani tu. Katika Mei 2010 tamthilia moja mashuhuri ya televisheni ya Marekani, House, ilionyesha sehemu ya mwisho ya msimu wake wa sita ikiwa imepigwa kwa kamera hii. Fundi hakuwa na habari ya tamthilia hiyo. Yeye aliinunua kwa sababu maharusi wa siku hizi hawaridhiki na picha isiyotembea.

Lakini arusi zilimtia aibu. Bibi arusi alipoingia ukumbini na shela lake jeupe, kamera iliona weupe, ikadhani nuru imezidi, ikaipunguza kwa hiari yake, na nyuso za mashangazi waliomzunguka zikaingia giza. Bibi arusi akipita, giza huondoka. Katika video ukumbi ulionekana kama unapumua. Palikuwa na kitufe cha kuishika nuru isibadilike, lakini kushika si kuchagua. Alichokitaka ni kuiambia kamera tangu mwanzo kwamba nuru iwe hivi na ibaki hivi. Huko ng'ambo wapo waliokuwa wakiihadaa kamera yao kwa kuifunga lenzi za zamani zenye pete ya kugeuzwa kwa mkono, nayo ikawa haina la kufanya ila kutii. Fundi alikuwa na lenzi mbili tu, zote za kisasa.

Aibu ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Chini ya taa za tyubu, ambazo kumbi za bei nafuu zimejaa nazo, video ilikuwa na mawimbi ya kiza yaliyopanda na kushuka juu ya nyuso za watu. Mzee mmoja aliyegharimia arusi ya bintiye aliitazama diski yake hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole kama siku ile ukumbini palikuwa na moshi.

Sababu ya mawimbi yale ni hesabu nyepesi, na yafaa ielezwe. Umeme wa Tanzania huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na taa ya tyubu ya aina ya zamani hung'aa na kufifia mara mbili katika kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera ile, kama ilivyotoka kiwandani, ilipiga picha 30 kwa sekunde, kwa kufuata desturi ya televisheni ya Marekani na Japani. Mia haigawanyiki sawasawa kwa thelathini; basi kila picha huanza mahali pengine pa mpepeso wa taa, na kwa kuwa kamera huisoma picha mstari kwa mstari, mistari mingine huangukia penye nuru na mingine penye kiza. Kama ingepiga picha 25 kwa sekunde, kila picha ingepata mipepeso minne kamili, na mawimbi yangesimama mahali pamoja. Na kama kila mstari ungepokea mwanga kwa muda wa 1/50 ya sekunde, ungepata mipepeso miwili kamili, isizidi wala isipungue, na mawimbi yangetoweka. Kwa hivi kosa halikuwa la taa wala la mkono wa fundi. Kamera ilikuwa imefundishwa umeme wa nchi nyingine.

Fundi hakuijua hesabu hiyo. Kwa mwaka mzima alizilaumu taa, akazilaumu jenereta za kumbi, akailaumu lenzi, na usiku, peke yake, alijilaumu mwenyewe. Aliyemfungua macho ni mpwa wake, binti aliyekuwa akisoma chuo kikuu, ambaye siku moja mwaka 2013 alikuja kumwamkia, akaichukua kamera kwa kuchezea tu, akafungua menyu yake na kutazama tarakimu ndogo iliyoandikwa humo.

"Mjomba," alisema, "kamera yako haijafundishwa kitu tangu ilipozaliwa. Dawa ya haya unayoyalalamikia ilitoka zamani."

Akamweleza ya kuwa watengenezaji walitoa programu mpya katika Juni 2009, iliyompa mpiga video ruhusa ya kuchagua nuru yake mwenyewe, na nyingine katika Machi 2010, iliyoongeza mwendo wa picha 25 na 24 kwa sekunde. Zote zilitolewa bure. Mwenye kamera wa kwanza, popote alipo, hakujishughulisha nazo. Fundi alinyamaza kama mtu aliyeambiwa kuwa barua yenye jina lake imelala posta miaka mitatu.

Programu ya namna hiyo huitwa programu dhibiti. Ni maagizo yanayokaa ndani ya chombo chenyewe na kukiendesha tangu kinapowashwa hata kinapozimwa. Jina lake la Kiingereza lilitungwa na Ascher Opler mwaka 1967, alipotafuta neno la kitu kilicho katikati: si chuma, kwa kuwa maagizo hayashikiki, wala si maagizo ya kubadilishwa kila saa, kwa kuwa yamekazwa ndani ya mashine. Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Kiliacha ugumu wa kitu kikatazama kazi yake, kikachukua neno la kudhibiti, na pengine kilichagua vyema. Katika kamera ya zamani vilivyodhibiti vilikuwa gurudumu, kamani na kidole cha mtu. Katika kamera ya leo kidole hupeleka ombi tu. Programu hulipokea, hulipima, ndipo hutenda. Na isipojua jambo, hata mwenye kamera awe hodari namna gani, jambo hilo halitendeki. Mtu aweza kukaa miaka na chombo kinachoweza kufanya kazi anayoitaka, chenye kila kiungo cha kazi hiyo, lakini hakina habari kwamba chaweza.

Maagizo hayo hukaa katika kumbukumbu ya namna iliyobuniwa na Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa katika kampuni ya Toshiba, ambaye aliieleza mbele ya wahandisi wenzake mjini San Francisco mwaka 1984. Kumbukumbu hiyo haisahau umeme ukikatika, na yaweza kufutwa na kuandikwa upya. Kadi ya kumbukumbu itiwayo katika kamera ni ya ukoo huo huo. Jina ililopewa lina maana ya mmweko. Lilipendekezwa na mwenzake Masuoka, Shoji Ariizumi, kwa kuwa namna inavyofutika, eneo zima kwa mara moja, ilimkumbusha mmweko wa taa ya kamera. Hivi kamera iliipa kumbukumbu jina kabla kumbukumbu haijaingia ndani ya kamera.

Lakini katika jina hilo mna hatari pia. Kumbukumbu ya namna hii haipokei maandishi mapya juu ya yale ya zamani. Lazima kwanza fungu zima lifutwe, ndipo jipya liandikwe. Kamera ifundishwayo, basi, husahau kwanza. Pana muda mfupi ambamo ya zamani yamekwisha ondoka na mapya hayajafika, na umeme ukikatika katika muda huo chombo chaweza kubaki gogo lisilojua hata kuwaka. Na mganga wake ni karakana ya watengenezaji, wala si kijana wa Kariakoo mwenye bisibisi.

Hiyo ndiyo asili ya masharti ambayo watu wengi huyadhania kuwa ni makeke ya wauzaji. Betri iwe imejaa. Kadi ifomatiwe ndani ya kamera yenyewe. Faili, ambalo kwa kamera hii jina lake huishia kwa herufi FIR, liwekwe juu kabisa katika kadi, nje ya folda zote, maana kamera hailitafuti vyumbani. Likifichwa ndani ya folda huambiwa mtu kwamba halikuonekana, na wengi wamekata tamaa hapo bure. Gurudumu la juu lisiwe katika alama ya kujiendesha. Kisha mtu afungue menyu, achague tarakimu ya programu, akubali, na tangu hapo asiguse kitu: asizime, asitoe betri, asifungue kimlango cha kadi. Kamera nyingine zina adabu nyingine. Zile za Fujifilm, mathalan, hutaka kitufe kishikwe wakati wa kuwasha. Lakini njia ya kadi ni moja, na kwa nchi ambamo intaneti huja na kwenda, na umeme nao vivyo hivyo, njia hii ina fadhila kuliko ile ya kuifunga kamera kwa waya katika kompyuta. Faili laweza kuchukuliwa mjini, likasafiri mfukoni, na kamera ikafundishwa mahali pasipo na nguzo hata moja ya umeme, kwa betri yake mwenyewe.

Fundi aliyasikiliza masharti yote, kisha akauliza swali ambalo wasomi hulirukia: "Na hao walioandika, nani aliwaangalia?"

Swali hilo halikuwa la ujinga. Katika Januari 2009, kamera ikiwa bado ngeni madukani, watengenezaji walitoa programu ya kuondoa dosari iliyokuwa imegunduliwa na wanunuzi: penye nuru ndogo na kali katikati ya giza, kama taa ya dirisha la mbali, doa jeusi lilijitokeza upande wa kulia wa nuru ile. Hapo programu ilikuwa dawa. Lakini katika Machi 2010, programu iliyoleta mwendo wa picha 25 ilipotolewa mara ya kwanza, ilikutwa na kosa lililoweza kuizuia video kupokea sauti kwa watu walioipanga kamera yao kwa namna fulani. Ikaondolewa upesi, na nyingine ikatolewa mahali pake. Aliyekuwa mwepesi siku ile, akaenda kazini kesho yake, angeweza kurudi na maharusi mabubu. Na aliyekawia alisalimika kwa uvivu wake. Mwenye chombo hawezi kuyasoma maagizo hayo hata akitaka, maana faili limefumbwa. Huombwa aamini, na huombwa aamini kwa chombo chake cha pekee.

Wapo waliokataa kungoja hisani ya watengenezaji. Mwaka 2009 Mmarekani Trammell Hudson aliiandikia kamera hii programu yake mwenyewe, Magic Lantern, iliyoingia kwa mlango huo huo wa kadi na kuleta mambo ambayo watengenezaji hawakuyatoa, kama vile vipimo vya sauti vionekanavyo juu ya kioo wakati wa kupiga. Programu hiyo haikuifuta ile ya asili. Hukaa katika kadi na kufanya kazi kando yake. Mpwa aliisifu sana. Fundi alijibu kwamba yeye ana watoto wanne, na mtu mwenye watoto wanne na kamera moja hana nafasi ya ushujaa. Wakakubaliana juu ya programu ya watengenezaji, toleo la 2.1.2, ambalo lilikwisha kusanya marekebisho yote yaliyotangulia. Binti aliahidi kulichukua faili chuoni na kuja nalo Alhamisi. Arusi ilikuwa Jumamosi.

Alhamisi ilipofika, betri ilikuwa imejaa, na faili lilikuwamo katika kompyuta ya binti. Kilichobaki ni kadi, na hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito. Kamera hii hutumia kadi za CompactFlash. Fundi alikuwa nazo mbili, lakini moja ilikwisha kufa, na ile nzima ilikuwa na picha ambazo hakuwa amezihamisha popote. Kila arusi ilipokwisha alizifuta picha za arusi, moja moja, akaziacha zile. Mpwa hakujua. Alikuwa amekwisha nyoosha kidole juu ya neno la kufomati alipoona mkono wa mjomba wake umeifunika kamera.

Zilikuwa picha za mzee aliyemfundisha kazi. Mzee huyo alikuwa na studio tangu zama za filamu, na nyuma ya studio palikuwa na chumba cha giza ambamo mwanafunzi wake alijifunza kusafisha picha chini ya taa nyekundu, miguu ikiwa imelowa, pua ikiwasha kwa dawa. Kati ya mafundisho yote ya chumba kile, lililosemwa mara nyingi lilikuwa neno moja, "Mlango!" Lilisemwa kwa ukali, kwa sababu mlango ukifunguliwa kabla ya wakati picha huungua, na picha iliyoungua haina mganga. Mzee hakupata kuzipenda kamera za kadi. Alisema kazi isiyonuka si kazi. Hata hivyo, jioni moja alikubali kupelekwa soko la samaki la Feri, akapigwa picha ameketi juu ya kreti, na nyuma yake wavuvi wakiwasha karabai zao kabla ya kuingia majini. Haukupita mwezi akafariki. Picha za jioni ile, 41 kwa jumla, ndizo zilizokaa katika kadi, na fundi hakuwa amezitazama tangu mazishi.

"Hatutazipoteza, mjomba," binti alisema. "Nazihamisha kwanza kwenye kompyuta, ndipo tufomati."

Alizihamisha. Alipokwisha, mjomba alisema, "Nionyeshe."

"Zote?"

"Zote, mwanangu."

Basi wakaketi wakazifungua moja baada ya moja, kwa kuwa fundi alijua kutoka katika uzoefu kuwa jina la faili laweza kuonekana katika kompyuta na picha yenyewe isifunguke. Binti aliona kazi hiyo ni ndefu lakini hakusema. Mzee alionekana akicheka, akikohoa, akikataa kutazama kamera, akimwelekeza mwanafunzi wake asogee kushoto. Picha ya mwisho ilikuwa bora kuliko zote. Giza lilikuwa limekwisha ingia, uso wa mzee umepata nuru ya karabai upande mmoja, na nyuma yake karabai nyingine zimepangana hadi majini. Binti aliikuza picha ili kuona kama imetulia, akasimama ghafula.

"Tazama. Ndiyo yale madoa niliyokusimulia."

Kweli, kuliani mwa kila karabai ya mbali palikuwa na doa dogo jeusi, kama kivuli kilichokosea mahali. Kamera ilikuwa na programu yake ya kwanza. Dawa ya madoa yale ilitolewa miaka minne kabla ya jioni ile, na haikuwamo. Fundi aliinama karibu na kioo, akatazama kwa muda mrefu. Aliuliza kama programu mpya ikiingia yataondoka. Binti akamweleza ya kwamba programu hufundisha kamera, haifundishi picha. Zitakazopigwa baadaye zitakuwa safi, na hizi zitabaki kama zilivyo. Mjomba aliitikia kwa kichwa. Kisha akautoa mkono wake juu ya kamera, akasema, "Haya, fomati."

Kadi ilifomatiwa, faili likanakiliwa, kadi ikarudishwa, kimlango kikafungwa. Fundi mwenyewe ndiye aliyebonyeza kitufe cha kukubali, kwa kuwa hakutaka, likitokea la kutokea, lawama imwangukie mtoto wa dadake. Juu ya kioo kidogo ukatokea mstari ulioanza kujaa polepole. Waliutazama wote wawili bila kusema. Watu waliopata kungoja nje ya chumba cha mgonjwa wanaujua ukimya huo.

Mstari haujafika nusu, umeme ukakatika. Mtaa mzima uliingia giza, watoto wa jirani wakapiga kelele kama ilivyo ada yao, na feni ikasimama. Katika chumba kilibaki kioo cha kamera peke yake, na nuru yake ndogo ikaangaza vidole vya fundi vilivyokuwa juu ya meza, haviigusi. Binti aliinuka kwenda kutafuta mshumaa. Alipoushika mlango wa chumba, mjomba wake alipaza sauti gizani:

"Mlango!"

Binti alisimama pale pale. Mlango wa chumba haukuwa na uhusiano wowote na jambo lile, na kamera ilikuwa ikila betri yake yenyewe, haina haja na nguzo ya mtaani. Yeye aliyajua hayo, na mjomba aliyajua pia sekunde moja baadaye, lakini hakulirudisha neno lake, wala binti hakufungua. Alirudi akaketi. Mstari uliendelea kujaa, ukajaa, na maneno yakatokea kusema kuwa kazi imekamilika. Fundi aliizima kamera, akaiwasha. Iliwaka. Akafungua menyu akaisoma tarakimu kwa sauti, mbili, moja, mbili, kama mtu asomaye namba ya nyumba aliyoitafuta mchana kutwa.

Jumamosi alipanga mwendo wa picha 25, mwanga kwa 1/50 ya sekunde, na nuru aliyoichagua mwenyewe mlangoni kabla wageni hawajaingia. Bibi arusi alipita na weupe wake. Mashangazi walibaki na nyuso zao. Chini ya taa za tyubu hakikupanda kitu wala hakikushuka. Mwenye arusi aliipokea diski yake baada ya wiki, akalipa salio bila kuuliza habari za moshi, na hilo kwa fundi lilikuwa sifa ya kutosha. Jambo moja tu halikumpendeza: kwa kuwa sasa nuru ilikuwa amana yake, aliposahau kuibadilisha wakati wa keki, keki iliungua kwa weupe, na safari hii hapakuwa na wa kumlaumu.

Binti alipokuja tena alileta picha za mzee zikiwa zimehifadhiwa mahali pawili. Akasema ile ya karabai, kama mjomba anapenda, aweza kuisafisha kwa kompyuta na kuyafuta madoa yote kwa nusu saa. Fundi alifikiri kidogo, akamwambia aiache. Aliichapisha kubwa, akaitia fremu, akaitundika dukani juu ya kiti cha wateja. Wateja wenye macho makali huuliza yale meusi kando ya taa ni nini.

"Ni kamera," huwajibu. "Ilikuwa bado haijafundishwa."